Kindege cha Marwan

Ijumaa, 4 Aprili

Masika yameingia mtaani kwetu Mabawa. Yamenikuta ndani na yataniacha ndani. Mume wangu Marwan alifariki Februari, siku chache kabla ya Ramadhani, na eda yangu haiishi mpaka mwisho wa Juni. Nguo nyeupe, hakuna udi, hakuna wanja, hakuna kutoka nje ya lango, na mwanamume asiye maharimu wangu hanioni. Yote hayo nayaweza. Nisichokiweza ni kimya.

Mimi ni mwoga, nilizaliwa hivyo. Kwetu Moa nilikuwa nalala nimeshika ncha ya kanga ya bibi. Sasa nina miaka hamsini, nafundisha watoto wa chekechea kwamba hakuna zimwi, na mwenyewe nikienda msalani jioni najisemesha njia nzima. Mama mkwe wangu, Bi Thureya, anakaa chumba cha upande wa pili wa ua. Hatuna mazoea ya kupiga soga. Sikumzalia mjukuu, naye hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja, na mimi naona afadhali angelitaja.

Kwa hiyo naandika. Kalamu nayo inatoa sauti kidogo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Dari inavuja juu ya kabati. Nimetega beseni.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeiwasha kompyuta ya Marwan.

Aliinunua mwaka tuliooana, 1997, watu wakamcheka kwa kununua kompyuta kabla ya friji. Ni lile kasha zito na kioo chenye mgongo, plastiki yake imegeuka manjano. Ndani mna mchezo mmoja tulioupenda. Kuna kindege kidogo kinapeleka vifurushi kisiwa hadi kisiwa, katikati ya radi na milima, mpaka visiwa vyote kumi na viwili viishe. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, sisi tuliuita Kindege.

Wakati huo Marwan alikuwa zamu ya usiku bandarini, nami bi harusi wa juzi nilibaki peke yangu humu nikiwasikiliza panya wa darini na kuwahesabu kuwa wezi. Hakunicheka. Alinunua maikrofoni, akaziondoa sauti za mchezo, akaweka yake. Nikianguka, badala ya mlipuko nasikia, "Pole, Fakhria. Anza tena." Nikitua salama, "Umefika. Pumzika kidogo." Mafuta yakipungua, "Tazama mafuta, mke wangu." Na kwenye kisiwa cha mwisho, alisema, ameniwekea neno la peke yake. Nilimbembeleza anitajie. Akasema, "Fika, utalisikia." Sikuwahi kufika. Mwaka uliofuata akahamishiwa zamu ya mchana, nikawa na mtu wa kunitoa woga, na kompyuta ikafunikwa kitambaa.

Miaka mitatu iliyopita madaktari walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo alikuwa akigonga meza. Mara moja maji, mara mbili chai, akigonga sana maana yake njoo tu ukae. Simu yake ilikuwa ya vibonye, haikurekodi kitu. Kanda ya harusi yetu imeota ukungu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake. Nikijaribu kuikumbuka, naisikia ya mdogo wake.

Mchana huu mvua ilikuwa inapiga bati. Mashine ikanguruma muda mrefu, nikadhani haitaki, kisha ikawaka. Nikakipeleka kindege moja kwa moja mlimani.

"Pole, Fakhria. Anza tena."

Nimezima haraka, nikalia mpaka kwikwi.

Jumapili, 13 Aprili

Sasa nacheza kila siku baada ya adhuhuri, spika nimezikandamiza kwa mto. Sijamwambia mtu. Nitamwambia nani? Mjane yuko edani anacheza gemu. Shemeji yangu Himyar, mdogo wake Marwan, mwenye mashamba ya minazi kule Tongoni, ni mtu mkali wa dini. Picha zote za marehemu alizitoa ukutani mwenyewe tulipomaliza matanga. Akijua kuna sauti, atakuja aiondoe na hiyo.

Jambo jingine linanitia hofu. Mama mkwe amehamisha kiti chake. Miaka yote alikaa upande wa jikoni, sasa kiko barazani, karibu kabisa na dirisha langu. Hata redio yake ameizima. Nikitoka chumbani namkuta ameinamisha kichwa, tasbihi mkononi, na ananitazama bila kuniuliza kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Kisiwa cha nne. Vidole vinakumbuka kuliko kichwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Kisiwa cha saba. Siku hizi sianguki ovyo. Mama mkwe kaniuliza mezani kama naumwa. Nikamjibu mzima. Akaguna tu.

Jumanne, 22 Aprili

Mashine imeanza kugonga. Inagonga ndani ya kasha, inanyamaza, inagonga tena, na wakati huo kindege kinaganda hewani na mimi naganda nacho. Leo nilipoanguka ilisema, "Pole, Fak," ikakatika hapo.

Nimeweka kiganja juu ya kasha nikaisihi. Unyevu unakula kila kitu humu, hata viberiti haviwaki. Nimekwisha kumzika Marwan mara moja. Sina nguvu ya kumzika mara ya pili.

Ijumaa, 25 Aprili

Mafundi wote niliowapigia ni wanaume, na mwanamume haingii humu. Mwalimu mwenzangu Benedikta kanipa namba ya fundi mwanamke, Loveness, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Niliuliza mara mbili kama ni mwanamke kweli. Benedikta akasema wanasali kanisa moja, na huko anaimba sauti ya kwanza, ile nyembamba ya wanawake.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Loveness alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe katikati ya mvua. Koti refu la plastiki, suruali, buti, kofia ngumu kichwani. Ni mrefu kuliko Marwan, na nywele kanyoa. Hata mimi niliyemwita, nilipomwona langoni nilivuta mtandio usoni. Alipovua kofia na kusema, "Shikamoo mama," nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Aliifungua mashine, akaichomoa diski, akaiunga kwa waya na laptopu aliyokuja nayo. Akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mama, hii imechoka. Inasoma kwa kubahatisha."

"Itakufa?"

"Itakufa. Leo au mwezi ujao, siwezi kukudanganya. Ngoja ninakili mchezo kwanza."

Alinakili, mimi nikivuta uradi pembeni. Yote yakaja isipokuwa faili moja, ambalo kila akijaribu diski iligonga na kukataa. Akanionyesha jina lake kwenye kioo. Marwan alikuwa ameliita MWISHO.

Nikajua ni kisiwa kipi.

Kisha akauwasha mchezo kwenye laptopu. Mungu wangu. Kindege kiliruka na kuanguka kabla sijagusa kibodi, kikaanza, kikaanguka, kikaanza, kikaanguka, na Marwan akawa anapaza sauti juu ya sauti yake mwenyewe, "Pole Fakhria, Fakhria, anza, pole Fakhria, anza, anza," kama mtu anayezama. Laptopu haikuwa na mto. Nyumba nzima ilijaa. Nilipiga kelele na mimi, Loveness akaifunga kwa viganja viwili.

"Pole mama," akasema, na neno lile likanisisimua mwili upya. "Michezo ya zamani ilikuwa inafuata mwendo wa mashine yenyewe. Hii ya sasa ina kasi mno. Ipo programu ya kuifanya mashine mpya ijione ya zamani, nitairudisha nyuma mpaka kindege kiruke kama kilivyozoea. Niachie siku chache. Na hili faili lililokataa, rafiki yangu Dar ana kifaa cha kusoma diski mbovu taratibu. Nipe na diski niondoke nayo."

Nikakataa. Niliona mvua nje, nikaona pikipiki, nikaona daraja, nikaona diski ya Marwan mtaroni. Nikamwambia airudishe ndani ya kasha lake, kifaa kije hapa.

Hakubishana. Ila alipokuwa anavaa kofia mlangoni alinikaribia akasema, "Basi usiiwashe tena mpaka nirudi. Ukiiwasha hivi ilivyo inaweza kukata roho hapo hapo, na lile faili lipotee moja kwa moja."

Ameondoka na laptopu. Mashine iko hapa chini ya kitambaa. Sauti iko ndani na siruhusiwi kuigusa.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Kimya.

Jumatatu, 5 Mei

Mama mkwe kanisimamisha uani, nina ndoo ya maji mkononi.

"Mbona kimya siku hizi?"

"Kimya gani, Mama?"

"Huko chumbani kwako."

Nikamwambia nimechoka, nikakimbilia ndani na nusu ya maji nikayamwaga. Anajua. Sijui anajua nini, lakini ananichunguza. Nimekaa nyumba moja na mwanamke huyu maisha yangu yote ya ndoa, na leo ndiyo nimeona kuwa namwogopa kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Jirani yetu Mama Zubeiri kaja na bakuli la kisamvu na uso wa mtu mwenye jambo. Alihamia nyumba ya ukuta mmoja na yetu mwaka juzi, Marwan alipokuwa tayari hana sauti.

"Nilisikia ulikuwa na mgeni siku ile ya mvua kubwa," akasema.

"Fundi wa kompyuta. Mwanamke."

"Mwanamke." Akakifunika kisamvu vizuri ingawa kilikuwa kimefunikwa. "Mie sikai kusikiliza ya watu, Bi Fakhria, ukuta ndio mwembamba. Lakini mwanamke gani mwenye sauti nzito vile? Na si siku ile tu. Mwezi mzima mchana nasikia mtu anakuita jina, kwa upole, kama mtu na mkewe."

Akanishika goti, akasema yeye hatamwambia mtu. Basi nikajua amekwisha kuwaambia.

Jumatano, 14 Mei

Himyar amekuja. Alikaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia la mlango wa chumba changu, kama sheria inavyotaka. Ni vigumu kujitetea kwa mtu usiyemwona uso. Nilikuwa nasikia funguo zake tu zikichezewa.

"Shemeji, sikutuhumu. Nauliza."

"Uliza."

"Mtaani wanasema mwanamume ameingia humu mchana kweupe, kofia kichwani."

"Alikuwa fundi, anaitwa Loveness, mwulize mwalimu Benedikta."

"Nimekwisha kumwuliza. Hilo nakubali." Funguo zikanyamaza. "Na sauti? Kuna mwanamume anakuita jina lako kwa mapenzi, siku nyingi. Nayo ni ya nani?"

Nikisema ni kompyuta, atasema iwashwe asikie. Ikiwashwa, inakufa, na MWISHO linakufa nayo. Isipokufa, yeye mwenyewe ataitoa nje, kwa kuwa marehemu aachwe apumzike. Kila njia niliyoitazama mwishoni kulikuwa na kimya. Nikanyamaza.

"Jumapili ya tarehe 25 nitakuja na wazee," akasema. "Kama bado huna jibu, eda utaimalizia kwa kaka zako Moa. Jina la kaka yangu halitachezewa humu ndani."

Mama mkwe alikuwa palepale barazani, kila neno alilisikia. Hakufungua mdomo.

Alhamisi, 15 Mei

Namba ya Loveness haipatikani. Sikulala. Nafikiria kutolewa humu kwa gari mchana, na nguo hizi nyeupe, watu wamesimama milangoni. Na kasha litabaki hapa na Himyar.

Jumanne, 20 Mei

Benedikta kapeleleza. Loveness yuko mashambani kule karibu na Korogwe, kwenye mkonge, baba yake mgonjwa, na barabara imekatwa na maji. Laptopu iko naye.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Mama mkwe kaniletea uji bila kuombwa, akauweka, akaondoka. Nikaona ni uji wa kuniaga.

Jumapili, 25 Mei

Naandika haya jioni, nimeoga, nimekunywa chai, na bado siamini.

Walikuja baada ya adhuhuri. Himyar, mzee Mwinyijuma wa msikitini, na mzee mwingine ambaye hakusema kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Pazia likavutwa. Upande huu mimi na mama mkwe, yeye kwenye kigoda na tasbihi yake, mimi sakafuni karibu na meza ya kompyuta.

Mzee Mwinyijuma alianza kwa dua, akanipa pole ya msiba tena, akasema kwa upole kwamba mjane ni amana na maneno ya mtaa ni moto. Kisha Himyar akauliza swali lile lile.

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Ni sauti ya Marwan."

Mvua niliiona imepungua.

"Marwan hakuwa na sauti miaka mitatu," Himyar akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Ya zamani. Aliirekodi tulipooana, kwenye mchezo wa kompyuta, kwa sababu nilikuwa naogopa kukaa peke yangu. Nimekuwa nikiusikiliza. Najua niko edani. Nimeshindwa na kimya."

Wakanong'ona. Mzee Mwinyijuma akasema hilo si zito, bora tu lithibitike. Himyar akasema, "Basi iwashe. Tusikie."

Nikamweleza kwamba ni mbovu. Nikasikia jinsi ninavyosikika, na mimi mwenyewe nisingeamini. Akasema, sasa kwa ukali, "Shemeji, iwashe au sema kweli."

Nikasimama. Nilikuwa nafikiria kwamba nikiwasha wakasikia neno moja tu, jina langu litasafika na Marwan atakwisha. Nisipowasha, nitatolewa humu na atabaki ndani ya chuma ambacho watakitupa. Nikakitoa kitambaa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Mkono ukanishika kifundo. Mkavu, wenye nguvu kuliko nilivyodhani.

"Usiiwashe," mama mkwe akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea pazia. "Himyar. Haiwashwi. Yule fundi alisema ikiwashwa inakufa. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Mama, wewe hujui haya mambo ya..."

"Sijui kompyuta. Mwanangu simjui? Nimemzaa mie, nimemfundisha mie kusema, leo Mama Zubeiri ndiye aje kuniambia ile sauti ni ya nani?" Alikuwa bado amenishika mkono. "Tangu siku ya kwanza nimemsikia. Nikahamisha kiti changu, nikazima redio, nikakaa pale dirishani kila mchana. Miaka mitatu sijamsikia mwanangu. Ningesemaje? Niliogopa nikisema tu, mtaizima."

Mimi nilikuwa namtazama tu.

"Na wewe," akanigeukia kwa sauti ya chini, yenye hasira kidogo, "mwanzo ulikuwa waanguka sana, nami nikashukuru, maana ukianguka ndipo asema. Kisha ukajifunza kuruka. Nikawa nangoja mchana mzima napata neno moja. Nikakuuliza kama waumwa. Halafu ukanyamaza kabisa, nakuuliza mbona kimya, wanikimbia na ndoo."

Nikakaa chini. Sikujua kama nacheka au nalia, na yeye hakunisaidia kujua.

Upande wa pili wa pazia funguo zilikuwa zimenyamaza. Baadaye Himyar akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu mwenye mashamba, "Anasema nini?"

"Anasema pole," mama akamjibu. "Haya, nendeni. Tumechoka."

Alhamisi, 29 Mei

Mama hakai tena barazani. Anakaa humu ndani kitandani kwangu, na tunaitazama mashine iliyofunikwa. Kaniambia Marwan alivyoogopa nyoka akiwa mdogo. Nimemwambia alivyokuwa akigonga meza. Hayo alikuwa anayajua, lakini akaniacha nimalize.

Nimemdhania vibaya miaka mingi. Nimemwambia hivyo. Akasema naye hakunisaidia kumdhania vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Himyar kaleta nyama, na nyuma ya pazia akauliza kama mashine ikipona naye anaweza kusikia. Nimemwambia foleni inaanzia kwa mama yake.

Loveness bado. Hofu sasa ni moja tu, lakini ni kubwa kuliko zote zile. Diski iko kwenye unyevu huu mwezi wa pili haijaguswa. Nilipomkataza asiondoke nayo niliona nailinda.

Jumatano, 18 Juni

Loveness karudi, amekonda. Baba yake anaendelea nafuu. Kifaa cha rafiki yake kimefika kutoka Dar.

Alianza asubuhi. Diski iligonga, ikasoma kidogo, ikagonga, ikakaa kimya muda ambao sipendi kuukumbuka. Mama alikaa karibu nayo akiisomea Yasini, Loveness akapunguza sauti ya simu yake kwa heshima. Alasiri ikasoma kipande cha mwisho, ikagonga mara moja, ikanyamaza. Loveness alijaribu tena na tena. Haikurudi.

"Imekwenda," akasema. "Lakini faili limetoka zima, mama. Ikiwa mnataka, nalifungua hapa hapa mlisikie, hakuna haja ya kucheza."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilitaka na sikutaka.

"Marwan alimwambia afike," mama akasema. "Basi atafika. Weka mambo kama alivyoyaweka."

Mchezo uko kwenye laptopu sasa, naye kaniachia. Loveness kaipunguza kasi mara nyingi, akiniuliza hivi, au hivi, mpaka kindege kikaruka vilevile kama zamani, kizito kidogo kikigeuka kushoto.

Jumamosi, 21 Juni

Kisiwa cha tisa. Mama ananiamuru nianguke kwanza, ndipo nicheze sawasawa.

Jumanne, 24 Juni

Kisiwa cha kumi na moja. Nimezima. Mama kauliza kwa nini. Nimesema macho yanauma.

Jumapili, 29 Juni

Nimetoka eda. Mama alinifukiza udi kwa mkono wake, akanivalisha kanga mpya, nikatoka langoni hadi kona na kurudi. Mama Zubeiri alinisalimia akiwa ameangalia chini. Jua limetoka, matope yameanza kukauka.

Baada ya alasiri tuliketi, mlango wa mbele tumeufunga ili tusiingiliwe. Nilimwambia mama ukweli. Naogopa. Neno hili likishasikika hakuna lingine, Marwan atakuwa amesema yote aliyonayo.

"Hata mie naogopa," akasema. "Ruka."

Njia ya kisiwa cha mwisho ni radi tupu. Niliruka chini chini, kama alivyonifundisha, na mafuta yakaanza kuisha. "Tazama mafuta, mke wangu," akasema, na mama akarudia, "Tazama mafuta." Uwanja ulionekana mdogo kama kipande cha sabuni. Nilifumba macho mwishoni, vidole vikatua vyenyewe.

Hakukuwa na sauti. Nikafikiri faili limeharibika. Kisha ikaja pumzi, karibu kabisa na maikrofoni, na Marwan, kijana, mwenye usingizi.

"Assalaam alaikum, Fakhria. Umeona? Usiku umekwisha. Nimerudi. Nifungulie mlango."

Alikuwa amepiga hesabu zake. Visiwa vyote kumi na viwili vingenichukua usiku mzima, na nikivimaliza yeye angekuwa ametoka zamu, amesimama barazani. Sikufika, kwa hiyo kila alfajiri alijifungulia kwa ufunguo wake, akanikuta nimelala juu ya kibodi, na hakunitajia hata siku moja.

Sikuweza kuinuka.

Mama ndiye aliyeinuka. Hakuchukua mkongojo wake. Alikwenda ameshika ukuta mpaka mlango wa mbele, akaondoa komeo, akaufungua wote. "Waalaikum salaam," akasema kwa sauti ya kawaida. Akasogea pembeni kidogo, kama mtu anavyompisha anayeingia.

Sikumzuia. Tuliuacha wazi mpaka magharibi.